Zawadi ya mbio imekwama benki Arusha, mwenye uzoefu na 50a (kifungu cha kodi ya Ujerumani kwa zawadi za wageni) anisaidie

Kutoka: Chalii wa Ngaramtoni

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za huko.

Naomba msaada, na ni wa haraka. Msimu wangu wa mbio za barabarani ulianza kwa raha. Nusu marathoni ya Kilimanjaro pale Moshi, ule mlima wa kupanda Mweka, miguu iliitika mpaka nikajishangaa. Aprili nikaenda Ujerumani, nikashusha muda wangu bora karibu dakika nzima na nikaingia kwenye zawadi. Baada ya hapo ni mteremko. Viza ilikuwa ya kuingia mara moja tu, nikarudi nyumbani, na ile ya pili imetoka Dar wakati mbio za Septemba zimeshakimbiwa. Oktoba nikafika, kano ya kisigino ikagoma kilomita ya 12. Nimemaliza nachechemea, nyuma yangu gari la kubeba waliochoka, dereva ananionyesha mlango kila nikigeuka.

Sasa zawadi ya Aprili. Mnajua hawalipi mpaka majibu ya vipimo vya dawa za kusisimua misuli yatoke, basi imetumwa juzi. Ilikuwa euro 2,500. Kodi ya kule 395 na senti, meneja asilimia 15 yake ambayo ni 375, na tiketi wakakata humohumo. Kilichobaki kimefika benki yangu hapa mjini (jina siliweki, bado nawahitaji) na wamekizuia. Dada wa dirishani anataka uthibitisho wa chanzo cha fedha. Nikapeleka mkataba, matokeo, hadi namba ya kifuani nimeibeba. Akaniuliza: "Mkataba unasema 2,500, mbona iliyoingia siyo 2,500?" Nimemweleza 50a, akanitazama kama nimemtukania mama yake. Anataka cheti cha makato, chenye mhuri, Kiswahili au Kiingereza. Waandaaji wamenitumia PDF ya Kijerumani isiyo na mhuri. Hiyo inatosha au kuna karatasi nyingine? Ada za wadogo zangu ni Januari.

---

Kutoka: Dada wa Bremen

Marahaba mdogo wangu, na pole na kisigino, usikifanyie haraka.

Hiyo PDF kama juu imeandikwa Steuerbescheinigung, yaani cheti cha kodi, ndiyo yenyewe. Mlipaji analazimika kukupa ukimwomba, kwa hiyo usikubali wakuzungushe. Kodi ya 50a ni asilimia 15, wanakata waandaaji wenyewe na kuipeleka Finanzamt, ofisi ya kodi ya eneo lao. Mimi nililetewa kikundi cha ngoma kutoka nyumbani mwaka fulani, tukakatwa vivyo hivyo, na kikundi chenyewe kilikuwa hakijapata hata nauli. Nililia.

Halafu viza: kama uliingia basi la alfajiri kwenda Dar mara ya pili kutoa alama za vidole, kwa nini? Wanazitunza miezi 59. Na maombi unaruhusiwa kupeleka hadi miezi sita kabla ya safari. Vijana mnangoja barua ya mwaliko iwe moto ndiyo muanze.

---

Kutoka: Mangi wa Leipzig

Dada, tusimpotoshe kijana. Siyo 15 kavu, kuna Soli, nyongeza ya kodi ya mshikamano, juu yake, inakuwa 15.825. Chukua 2,500 upige hesabu, utapata hiyo 395 yake. Na siku hizi haiendi Finanzamt, inakwenda BZSt, ofisi kuu ya kodi ya shirikisho, kila robo mwaka. Ukimwambia aandike Finanzamt atajibiwa mwakani.

Kuhusu mhuri, mimi karatasi zangu za kodi hapa zinatoka kwenye mashine, hazina mhuri wala saini. Ukiwaambia watu wa nyumbani kwamba barua ya serikali haina mhuri wanakuona tapeli. Mwaka juzi nilituma karatasi kama hizo Moshi kwa ajili ya kiwanja, zikarudishwa. Kiwanja nacho kina hadithi yake, mdogo wangu amepanda migomba mpaka kwenye mpaka wa jirani, sasa tuko baraza la kata. Nitawaandikia siku nyingine.

---

Kutoka: Kaka wa Minneapolis

Nyie wa Ulaya mnadekezwa. Huku Marekani asiye mkazi anakatwa asilimia 30 ya zawadi. Thelathini! Ukitaka chochote kirudi lazima uwe na ITIN, namba ya mlipakodi, unayoiomba kwa fomu W-7, halafu usubiri 1042-S, karatasi ya makato, ndiyo ujaze marejesho. Rafiki yangu wa Sakina alikimbia huku, karatasi ikatumwa kwa anwani ya nyumba aliyolala siku tatu. Mwenye nyumba alishahama.

Na mdogo wangu, ukipata mwaliko wa huku lazima uwe na P-1, viza ya wanariadha. Bila P-1 usipande ndege.

---

Kutoka: Mama wa Reading

Kaka, "lazima" umeitoa wapi? Mwanariadha anayefuata zawadi tu, bila kulipwa mshahara wala ada ya kushiriki, aina ya viza yake ni B-1, ile ya shughuli za muda mfupi. Akilipwa ada ya kushiriki hapo ndipo maneno yanabadilika. Tusiandike kama maofisa wa ubalozi.

Na kijana kauliza Ujerumani. Hapa Uingereza ni 20, lakini hata mimi simwambii kwa kuwa hakuuliza.

---

Kutoka: Chalii wa Ngaramtoni

Nashukuruni sana. Mangi, umenitisha lakini umenisaidia. Swali langu ni lilelile: kama hiyo karatasi haina mhuri na benki wanataka mhuri, nani anaupiga? Na tafsiri, wanakubali ya mtu yeyote? Leo nimerudi tena, nikaambiwa yule dada yuko likizo na faili liko kwake.

---

Kutoka: Mzee wa Shanty Town

Vijana, nimeishi Stuttgart miaka mingi na nimerudi Moshi, niruhusuni neno. Kama kungekuwa na mkataba wa kuzuia kodi mara mbili kati yetu na Ujerumani, mazungumzo yangekuwa mengine. Haupo. Tunao na Italia, Sweden, Norway, Denmark, Finland, Kanada, India, Zambia na Afrika Kusini. Wajerumani tulikaa nao tangu enzi za babu zetu, mkataba wa kodi hakuna. Hilo ni la kumwuliza mbunge, siyo dada wa dirishani.

Mwaka 1989 Juma Ikangaa wetu alipochukua marathoni ya New York kwa 2:08:01 tulikuwa tumejazana chumbani kwa Mtanzania mmoja, tunapiga kelele mpaka jirani akaita polisi. Mwaka 2025 Simbu wetu kachukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo, kamzidi Mjerumani kwa sehemu ndogo ya sekunde, na wote wameandikiwa 2:09:48. Hapa Moshi watu walisimamisha bodaboda kuangalia kwenye simu. Siku mbili wakubwa wanapiga picha na mkimbiaji. Ukiuliza nani anawafundisha vijana kusoma mkataba wa meneja, kimya.

---

Kutoka: Kaka wa Minneapolis

Mzee shikamoo. Umesema kweli, na ndiyo hao hao wanaotunyima uraia pacha. Sisi tuishio nje wametupa "hadhi maalumu" badala yake. Hadhi ya kufanya nini?

---

Kutoka: Mama wa Reading

Tumeanza. Kila uzi unaishia uraia pacha. Kuna mtu ameisoma sheria yenyewe au tunasikia kwa shemeji?

---

Kutoka: Mangi wa Leipzig

Mimi nimeisoma. Lakini leo baridi imeingia na sitaki kugombana, nataka mtori. Kuna mtu anatoka KIA Desemba hii? Aniletee ndizi mshare, hata kichane kimoja, nitalipa mzigo. Za hapa dukani ukizichemsha zinageuka sabuni.

---

Kutoka: Dada wa Bremen

Atanyang'anywa uwanja wa ndege. Matunda yote lazima yawe na cheti cha mimea, usimtie mtu matatani.

---

Kutoka: Mangi wa Leipzig

Siyo yote, dada. Ndizi, nanasi, nazi, tende na doriani zinaingia bila cheti. Kinachokamatwa ni nyama na maziwa. Kwa hiyo loshoro sahau, lakini mtori unawezekana, nyama nitanunua hapa.

---

Kutoka: Dada wa Bremen

Haya. Basi akija naye huyo mtu aniongezee na mimi vichane viwili, nitakuja Leipzig kuvichukua.