Orodha ya michango ya matanga kwenye WhatsApp: ni uwazi au ni kuaibishana?

Mkazi wa Kondele, Kisumu

Ndugu zangu, naomba maoni yenu kuhusu jambo lililozua mvutano katika ukoo wetu. Siku hizi tunapofiwa hatungoji kikao cha jioni. Kabla mwili haujafikishwa mochari, kundi la WhatsApp limekwisha kufunguliwa, limepewa jina la marehemu, na mweka hazina ameweka nambari yake ya M-Pesa. Kila anayechanga huandikwa jina na kiasi, na orodha hubandikwa asubuhi na jioni hadi Jumamosi ya mazishi. Katika msiba wetu wa hivi karibuni, kijana mmoja asiye na kazi alituma shilingi 100, akaandikwa chini ya binamu yake aliyetuma 20,000, na mtu fulani akaweka emoji ya kucheka mbele ya wote. Kijana huyo hakuonekana mazishini. Je, kuna haja gani ya kutangaza kiasi? Kwa nini tusiandike majina pekee, hesabu ikatolewa mwishoni?

Mweka hazina, Kakamega

Poleni kwa msiba. Mimi nimeshika fedha za matanga mara nyingi, na orodha yenye kiasi nitaitetea. Kabla ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, michango ilitolewa mkononi na kuandikwa katika daftari lililokaa kwa mtu mmoja, na wako wajane walioachiwa deni la jeneza huku kamati ikidai kwamba fedha zote ziliishia kwenye usafiri. Leo aliyetuma 500 ana ujumbe wa uthibitisho kwenye simu yake, anaulinganisha na orodha, na yeyote anayetaka kujumlisha anajumlisha. Mkiandika majina bila kiasi, mtakuwa mmerudisha lile daftari kabatini. Isitoshe, kuaibishana hakukuletwa na simu: katika harambee zetu jina na kiasi vilisomwa kwa kipaza sauti, na aliyetoa kidogo alijulikana hadi soko la jirani.

Kinachoharibu ni namna orodha inavyotengenezwa. Mara nyingi kila mtu hunakili orodha ya mwisho, huongeza jina lake chini na kuibandika upya. Wawili wakinakili kwa wakati mmoja, jina la mmoja wao hupotea, na hapo ndipo maneno huanza. Kisha kuna suala la laini za simu. Ujumbe wa M-Pesa huja na jina la aliyesajili laini, kwa hiyo mke anayetuma kwa simu ya mumewe huhesabiwa kuwa hakutoa. Orodha iandikwe na mtu mmoja, naye aulize kabla ya kuandika.

Msomaji wa Nakuru

Nitasema kwa ufupi. Tunayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini haihusu shughuli ambazo ni za mtu binafsi au za nyumbani tu, kwa hiyo sidhani kama ukoo utashtakiana kwa orodha. Hata hivyo, kundi moja la WhatsApp sasa linaweza kubeba watu 1,024, na kwa maoni yangu umati huo si nyumbani tena. Asiyependa kuingizwa kiholela anaweza kuchagua katika mipangilio ni nani wa kumwongeza kwenye makundi, na tangu mwaka 2022 mtu anapotoka hujulishwa wasimamizi peke yao badala ya kutangazwa kwa kila mtu. Wanaobaki wamekubali kusomwa.

Mama wa Siaya

Ninyi nyote mnazungumza kana kwamba mchango ni fedha peke yake. Tulipomzika kaka yangu, shangazi yetu mzee, mwenye simu ya kabambe isiyo na WhatsApp, alileta gorogoro mbili za mahindi, akateka maji tangu alfajiri, na usiku akakaa na wafiwa hadi kukacha. Mpwa wetu aliye ng'ambo alituma fedha, hakupiga simu hata mara moja, na jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha, likifuatwa na maua na mikono ya kuomba. Simlaumu mpwa, kwa maana fedha zake ndizo zilizolipa mochari. Lakini vijana waliokuwa mjini walipotaka kujua nani alisimama na sisi, walisoma orodha, na humo shangazi hakuwamo.

Mweka hazina, Kakamega

Mama, hoja yako ni nzito, lakini kuni na maji nitaviandika kwa bei gani?

Mama wa Siaya

Usiviwekee bei, mwanangu. Andika jina la mtu na alicholeta. Wanaopika ndio wanaojua, waulize wao.

Mkazi wa Kondele, Kisumu

Asanteni. Katika kikao cha ukoo nitapendekeza kwamba mwandishi awe mmoja, majina yafuate alfabeti badala ya ukubwa wa kiasi, na vitu na kazi viandikwe pamoja na fedha. Kuhusu kiasi, bado sijakubaliana na mweka hazina. Ningependa kamati na familia ya marehemu waone kila shilingi, nalo kundi lipewe jumla ya kila siku, ili mwenye shaka aende kuulizia jina lake mwenyewe. Nikishindwa kwa kura, basi angalau wasimamizi wafunge kundi ili wao pekee ndio waweze kuandika, kwa kuwa aliyemcheka yule kijana mpaka leo hajamwomba radhi.