Kompyuta inazungusha feni tu, skrini giza

Pwani_Kwetu: Wakuu salaam, naombeni msaada. Kompyuta ya mezani hapa home Raskazone, Tanga, nikibonyeza pawa feni inazunguka na taa inawaka ila monita giza totoro, halafu inalia tiii tiii haikati. Umeme ulikatika ukarudi kwa fujo, ndo ikaanza. Fundi mmoja kaniambia ninunue mazabodi (ile bodi kuu ya ndani) nyingine na hata mfuniko hajafungua. Hadidiski imekufa nini? Picha za harusi ya dada zote zimo humo

Fundi_Ngamiani: Mazabodi tena? huyo anatafuta hela ya sikukuu. Ikilia hivyo mara nyingi ni ramu, kile kibao cha kumbukumbu kinachochomekwa kwenye mazabodi. Chomoa waya ukutani, bonyeza pawa kidogo umeme uliobaki uishe, toa ramu, sugua taratibu vile vijino vya dhahabu kwa ufutio wa penseli, rudisha mpaka isikike "ka" huku na huku. Kama ziko mbili washa na moja moja ujue mgonjwa nani. Na huko Raskazone ule upepo wa bahari unakula kila chuma mzee

BintiChumbageni: Kaka usiogope picha, hadidiski ikifa kwa kawaida unaona maandishi kwenye skrini, haiwi giza hivyo

Pwani_Kwetu: Imewaka wakuu!! vijino vilikuwa na ukijani. Ila sasa saa inasoma mwaka 2009

BintiChumbageni: Hiyo betri ndogo ya mazabodi inayotunza saa imechoka, nunua ya duara inaitwa CR2032, ya volti 3. Na picha zihamishie flashi leo leo