Makaburi ya Tengeru: wote waliolala pale ni Wapolandi?

Leganga_Njiapanda
Wakuu, habari za jioni. Pale Tengeru, eneo la chuo cha mifugo, kuna makaburi karibu 150 ya wakimbizi wa Poland wa wakati wa vita vya pili. Mengi ni ya Kikatoliki, ila kuna ya Kiorthodoksi na la Kiyahudi. Nijuavyo mimi, Wasovieti waliwang'oa kwao mwaka 1940 kwa sababu ni Wapolandi. Sasa hawa wengine waliingiaje? Naandaa somo la kidato cha nne, sitaki kuwalisha watoto matango pori.

Bonde_la_Kikuletwa
Mkuu, NKVD (polisi wa siri wa Kisovieti) hawakukamata kwa kabila tupu. Walikamata kwa mafungu, na kila fungu lina tarehe yake.

Tarehe 17 Septemba 1939 waliingia mashariki mwa Poland, ambako Wapolandi, Waukraine, Wabelarusi na Wayahudi walikuwa wamechanganyikana kijiji kwa kijiji. Mwanzoni Waukraine walibembelezwa: shule zikageuzwa za Kiukraine, mashamba ya mabwanyenye yakagawiwa. Baadaye mashamba yaleyale yakaanza kuingizwa kwenye ushirika kwa nguvu.

Msako wa kwanza ni wa tarehe 10 Februari 1940, kama watu 140,000: wanajeshi wastaafu waliopewa ardhi na serikali ya Poland, pamoja na walinzi wa misitu. Wengi Wapolandi, lakini mlinzi wa msitu akiwa Muukraine au Mbelarusi alibebwa vilevile na familia yake. Maagizo yaliruhusu kilo 500 kwa familia: nguo, matandiko, vyombo, chakula cha mwezi, zana ndogo za shamba. Hiyo ni karatasi. Mlangoni aliyeamua ni askari, na wengi walitoka na kidogo tu. Wakapelekwa Arkhangelsk, Komi na kwingine kaskazini kukata magogo.

Tarehe 13 Aprili zikafuata familia za waliokwisha kukamatwa, kama watu 61,000, wengi wanawake na watoto. Hao walipelekwa Kazakhstan. Wakati huohuo maofisa wa jeshi la Poland waliotekwa walikuwa wanapigwa risasi katika msitu wa Katyn, Urusi.

Wayahudi sasa. Mwishoni mwa Juni 1940 walibebwa kama 78,000, zaidi ya 8 kati ya kila 10 wakiwa Wayahudi waliokuwa wamekimbia kutoka upande uliotekwa na Wajerumani. Walikataa pasipoti ya Kisovieti, wakajiandikisha kurudi makwao, na daftari lile la kujiandikisha likawa orodha ya kuwakamatia. Ajabu yake, wengi walipona hukohuko msituni walikopelekwa. Wenzao waliobaki Lwów (leo Lviv, Ukraine) walikutwa na Wajerumani Juni 1941.

Sakina_Darajani
Naongezea kwa nini hao wengine ni wachache Tengeru. Baada ya Hitler kuivamia Urusi, serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London ilisaini mkataba na Moscow tarehe 30 Julai 1941, na amri ya msamaha, ya kuwaachia raia wa Poland, ikatoka tarehe 12 Agosti. Lakini tarehe 1 Desemba mwaka huohuo Moscow ikasema: kwa watu wa maeneo yale ya mashariki, raia wa Poland ni Mpolandi wa damu tu. Muukraine, Mbelarusi na Myahudi wakahesabiwa raia wa Kisovieti, watake wasitake. Kwa hiyo mwaka 1942, meli zilipokuwa zinavusha watu Bahari ya Kaspi kwenda Pahlavi, Uajemi, mtu wa makundi hayo angeweza kukatwa jina kwenye orodha ya safari. Kuwa na ndugu katika jeshi la Jenerali Anders, yaani jeshi la Poland lililoundwa hukohuko Urusi, kulisaidia sana. Zilivuka roho zaidi ya 110,000, askari na raia, na sehemu ya raia ndiyo iliyoletwa Afrika Mashariki.

Leganga_Njiapanda
Asanteni sana. Basi nikiona msalaba wa Kiorthodoksi niandike Muukraine?

Bonde_la_Kikuletwa
Hapana mkuu, hapo ndipo wengi wanapoteleza. Sensa ya Poland ya 1931 iliuliza lugha ya mama na dini, haikuuliza kabila. Mworthodoksi anaweza kuwa Mbelarusi. Halafu Waukraine wa pande za Lwów na Stanisławów wengi ni Wakatoliki wa ibada ya Kigiriki, wanamtii Papa, kwa hiyo hata kaburi la Kikatoliki linaweza kuwa la Muukraine. Na kule mkoa wa Polesie watu zaidi ya 700,000 walipoulizwa lugha yao walijibu tu "ya hapahapa".

Andika dini kama ilivyo kwenye jiwe, kabila liache. Mahali pa kuzaliwa, tumia jina la wakati ule kwanza, la leo baadaye: Stanisławów ndiyo Ivano-Frankivsk tangu 1962. Na bibi aliyezaliwa Lwów mwaka 1900 usimwandike "amezaliwa Poland" wala "Ukraine". Mwaka ule Lwów ilikuwa chini ya Austria.