Msimulizi anatania, mimi naogopa. Niandike nini?

Wadau, nahakiki hadithi fupi. Msimulizi anatania mwanzo mwisho, lakini nikisoma nywele zinanisimama. Toni ni ya kichekesho au ya kutisha?

Mpenda Fasihi: Toni ni ya kichekesho. Hofu ndiyo hali ya kihisia. Toni ni msimamo wa msimulizi kwa anachokisimulia. Hali ni kile kinachomwingia msomaji. Zikipingana ndipo utamu ulipo: anayetania kando ya maiti anatisha kuliko anayelia.

Kalamu Kavu: Kuonyesha hofu hiyo inatoka wapi, anza na vitenzi. "Mvua ilibembeleza paa", "mvua ilitwanga paa". Mvua ileile, ila ya pili inakutuma ukakague komeo la mlango. Kisha pima urefu wa sentensi; fupifupi hukata pumzi. Mandhari watu huyakuza mno (maoni yangu hayo), hata makaburini panaweza kuchekesha.

Muulizaji: Eh! Ukurasa wa pili mlango "ulikohoa", dirisha "likameza" mwanga. Na kila utani unafuata papo hapo baada ya sentensi kama hizo.

Kalamu Kavu: Zinukuu hizo. Halafu angalia kama hofu inafika mwisho wa hadithi, maana hali hugeuka njiani.