Nikiwa katika masomo ya uuguzi, niandae njia ya pili ya riziki?

Mwanafunzi, Malindi:
Assalamu alaykum, wakubwa zangu. Niko mwaka wa pili wa diploma ya uuguzi, ambayo ni ya miaka 3, na kila nikiwaona waliohitimu mbele yangu wamekaa nyumbani wakingojea kaunti itangaze nafasi, huingiwa na hofu. Je, nijifunze kazi nyingine kando, au nitakuwa najigawa kabla ya mtihani wa leseni wa Baraza la Wauguzi?

Muuguzi, Lamu:
Waalaykumu salaam, mdogo wangu. Hofu yako ina msingi, kwani tangu ugatuzi wa 2013, huduma za afya zilipokabidhiwa serikali za kaunti, wauguzi wengi wa hospitali za umma huajiriwa na kaunti, nayo kaunti huajiri inapopata bajeti. Hata hivyo, usiitafute njia hiyo mbali na uuguzi. Mimi nilijifunza kutunza rekodi za wagonjwa kwa kompyuta, na ujuzi huo ndio ulionipatia riziki katika zahanati ya binafsi kwa zaidi ya mwaka mmoja, huku nikiendelea kuhuisha leseni yangu. Leseni usiiache ikaisha muda, hata ukiwa unauza samaki.

Mzazi, Malindi:
Mwanangu, niruhusu niongeze jambo. Binti yangu alianza kushona mabuibui akiwa chuoni, nasi tukazifurahia fedha zile, mpaka zamu za usiku wodini zilipomlemea akalazimika kurudia somo. Sasa hushona wakati wa likizo tu.

Mwanafunzi, Malindi:
Ahsanteni sana. Nitaanza na kompyuta likizo ijayo.