Mmea umejiotea bustanini na maua yake yanafunguka jioni. Ni mmea gani huu?

Mpenda Udongo
Wakuu, habari zenu. Kuna mmea umejiotea pembeni mwa bustani yangu, karibu na ukuta, na nimeshindwa kuutambua. Sikuupanda mimi wala sijauona kwa majirani. Mwanzoni nilidhani ni gugu, nikaukata mpaka usawa wa udongo. Baada ya wiki chache ukachipua tena, mnene kuliko mwanzo, nikaona niuache nijue unaishia wapi.

Sasa umenifika kiunoni na umetawanyika kama kichaka. Shina ni la kijani lenye wekundu kidogo, na kila penye fundo limevimba kama kiungo cha kidole. Ukilipinda kidogo tu linakatika hapo hapo kwenye fundo. Majani ni laini, mapana chini na yamechongoka nchani. Ua lina mrija mwembamba halafu mdomo unapanuka kama tarumbeta ndogo. Mengi ni ya waridi iliyokolea, ila tawi moja limetoa ya njano, na juzi nimeona ua moja nusu njano nusu waridi. Mmea ni ule ule mmoja.

Kinachonichanganya zaidi ni hiki: asubuhi nikipita pale maua yote yamelegea na kujikunja kama vitambaa vilivyokamuliwa. Nikirudi jioni nakuta mapya yamefunguka, na harufu yake tamu inaingia mpaka dirishani.

Nimeingiza picha kwenye programu ya simu ya kutambua mimea. Picha ya kwanza ikasema petunia, ya pili ikasema mnanaha, ule mmea wenye sumu kali. Hilo la pili limeninyima usingizi, kwa sababu nina binti wa miaka minne na anashinda pale akiokota mbegu nyeusi zinazodondoka. Anazijaza kwenye kizibo cha chupa na kuziita pilipili manga.

Naomba mnisaidie jina lake, mnieleze kama una sumu, na kama niung'oe au niuache. Natanguliza shukrani.

Chipukizi
Hiyo itakuwa Ipomoea mkuu, jamii ya viazi vitamu. Maua yake ni tarumbeta hivyo hivyo na yanafunguka na kufunga kwa saa.

Mlinzi wa Mche
Jina litapatikana tu. Kwanza shughulikia mbegu. Leo hii kizibo hicho kiondoke mikononi mwa mtoto, zilizodondoka zifagiliwe, na anawe mikono kwa sabuni. Mmea usioujua uhesabu kuwa una sumu mpaka uthibitishe vinginevyo. Ikitokea amemeza, mpeleke hospitali mara moja na ubebe tawi lenye majani, ua na mbegu, ili daktari aone kilicholiwa. Usimlazimishe kutapika. Na wewe mwenyewe usionje kitu chochote ili "kupima".

Bibi Bustani
Nakuunga mkono Mlinzi wa Mche.

Mpenda Udongo mwanangu, picha ya ua peke yake huidanganya hata macho ya binadamu, seuze simu. Maua yenye umbo la tarumbeta yako kwenye jamii nyingi zisizo na undugu. Hebu rudi pale jioni uniangalizie haya: majani yanatokaje kwenye shina, moja moja kwa kupishana au mawili mawili yakitazamana? Mmea unajisokota kwenye kitu au unasimama wenyewe? Ua likishadondoka, pale lilipokuwa kunabaki nini, na mbegu ni ngapi? Kuna tunda lolote lenye miiba? Na usugue jani kidogo ukiwa umevaa glavu, uniambie kama linanata au lina vinyweleo.

Mpenda Udongo
Shikamoo Bibi. Nimekaa pale kuanzia saa kumi kasoro mpaka giza lilipoingia. Binti nimemwacha ndani na mbegu zote nimezifagia.

Majani yanatoka mawili mawili yakitazamana. Unasimama wenyewe, haujisokoti popote. Hakuna tunda la miiba. Jani halinati, na vinyweleo sijaviona.

Ua likidondoka kinabaki kisahani cha kijani chenye ncha tano, kimefunguka kama nyota, na katikati imekaa mbegu moja tu. Mwanzoni ni ya kijani, baadaye inakuwa nyeusi yenye mikunjo. Ukigusa tawi inadondoka yenyewe.

Halafu nimeona maua yanavyofunguka. Tumba linakuwa refu limesokotwa, kisha linaanza kulegea mdomoni polepole. Nililikazia macho moja nisione chochote, nikageuka kuangalia lingine, nikirudi nakuta limeshapanuka. Ndani kuna nyuzi ndefu zinatokeza nje kuliko mdomo wenyewe.

Bibi Bustani
Marahaba. Umeangalia vizuri sana, na jibu umelileta mwenyewe.

Mnanaha (Datura) uondoe. Majani yake hupishana, hayatazamani. Ua lake ni kubwa zaidi, tunda ni kidonge ambacho aghalabu kina miiba, na kikipasuka kinatoa mbegu nyingi bapa. Petunia nayo majani yake yana vinyweleo vinavyonata vidoleni, na mbegu zake ni ndogo mno. Ipomoea aliyoitaja Chipukizi nyingi hujisokota na kupanda juu ya kitu, na zile tunazozizoea bustanini hufunguka asubuhi. Wako unafanya kinyume chake.

Mbegu moja nyeusi yenye mikunjo ndani ya kisahani cha ncha tano, majani yanayotazamana, mafundo yaliyovimba, maua ya jioni yenye harufu, rangi mbili kwenye mmea mmoja: huo ni Mirabilis jalapa. Asili yake ni maeneo ya joto ya Amerika, na umesambaa duniani kwa sababu ya uzuri wake. Lugha kadhaa zimeupa jina kwa saa ya kufunguka. Kwa Kimalei ni bunga pukul empat, yaani ua la saa nne, na saa nne yao ya jioni ndiyo saa kumi yetu. Siku ya mawingu maua huweza kubaki wazi muda mrefu zaidi, kwa hiyo usishangae ukiyakuta asubuhi.

Ukitaka uhakika wa mwisho, chukua mbegu moja iliyokomaa uipasue kwa jiwe. Ndani utakuta unga mweupe laini kabisa. Wajapani huuita mmea huu oshiroibana, ua la poda nyeupe ya uso, kwa sababu ya unga huo.

Sasa kuhusu sumu. Ndiyo, ipo. Mbegu na mizizi ndiyo ya kuogopa zaidi, hutapisha, huumiza tumbo na kuharisha. Kwa wengine pia huwasha ngozi. Si mmea wa kukaribiwa na mtoto anayetia kila kitu mdomoni, na hasa mbegu zinazofanana na kitu anachokijua jikoni.

Jicho la Kioo
Naongezea kidogo kwa sababu mmea huu naupenda mno. Ile tarumbeta kitaalamu si petali, yaani yale majani ya rangi ya ua. Mirabilis haina petali. Unachokiona ni sepali, vile vijani ambavyo kwa kawaida hufunika tumba, zilizoungana na kupata rangi. Na kile kisahani cha kijani ambacho kila mtu angedhani ndizo sepali, ni vijani vidogo vilivyozunguka ua. Ndugu yake wa ukoo mmoja, bogenvilia, naye anafanya mchezo kama huo: rangi yote tunayoisifia ni ya majani, ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati.

Kuhusu ua la nusu kwa nusu, mimea hii imewafundisha wanasayansi mengi. Mjerumani Carl Correns, mmoja wa walioibua upya kanuni za urithi za Mendel mwaka 1900, alichanganya Mirabilis yenye maua mekundu na yenye maua meupe akapata ya waridi. Halafu mwaka 1909 akaeleza jambo zito zaidi. Kwenye Mirabilis zenye majani ya mabakamabaka, rangi ya majani ya watoto ilifuata tawi la mama lililozaa mbegu, chavua ilitoka popote. Huo ulikuwa miongoni mwa ushahidi wa kwanza kwamba kuna urithi unaopita nje ya kiini cha seli. Kwa hiyo Mpenda Udongo, ukitenga mbegu za tawi la njano na za tawi la waridi ukazipanda mbalimbali, utaona mambo.

Ukikaa tena pale gizani, tulia usiwashe taa. Harufu ile inawaita nondo wenye ulimi mrefu, wale wanaoelea hewani mbele ya ua bila kutua.

Jembe Butu
Mimi nasema ng'oa. Nimeishi nao huu mmea. Ukataji ulioufanya mwanzo haukuufanya kitu kwa sababu chini kuna mzizi mnene kama kiazi, na humo ndimo unamoweka akiba yake. Wangu niliukata mara tatu. Mara ya nne nilichimba nikakuta mzizi mrefu kuliko mkono wangu kutoka kiwikoni, umejipenyeza chini ya ukuta. Na mbegu zilizokwisha kudondoka ziliendelea kuota msimu baada ya msimu. Kama una mtoto mdogo, kwa nini ujitafutie wasiwasi?

Bibi Bustani
Jembe Butu ana hoja, na mimi sitamlaumu atakayeung'oa. Ila ukichagua kuuacha, uuache kwa masharti: uwe mahali ambapo mtoto hafiki peke yake, na usikubali mbegu zikomae. Kila baada ya siku chache pita ukate visahani vikiwa bado kijani.

Mpenda Udongo
Nimerudi na majibu. Mbegu nimeipasua: unga mweupe, laini kama poda kweli. Nimenawa mikono mara mbili. Na jana usiku nondo mmoja mkubwa alikuja, akaelea mbele ya maua manne mfululizo, mabawa yanatoa sauti kama karatasi nyembamba inayopepewa. Nilimbeba binti begani akamwona. Hakusema neno mpaka alipoondoka, ndipo akaniuliza kama atarudi kesho.

Nimeamua kuuhamishia nyuma, kwenye kipande chenye uzio ambako haingii bila mimi. Swali la mwisho: huo mzizi nikiuchimba utakubali kuhama, au nianze na mbegu?

Jembe Butu
Utakubali. Kata matawi kwanza yabaki mafupi kama kiganja, ndipo uchimbe. Anza mbali na shina, uzunguke, usiuvute kwa juu kwa sababu shina litakukatikia mkononi na mzizi ubaki chini. Vaa glavu. Vipande vyovyote vya mzizi vilivyokatika vitoe shimoni vyote, usimwachie binti akavichezea. Upande kwenye kina kile kile, umwagilie, usishtuke ukikaa kimya siku kadhaa. Na lile shimo la zamani ulikague mvua ikinyesha, kuna mbegu utakuwa hukuziona.