Nimepata kazi ya useremala Doha. Niende au nibaki na nakshi Lamu?

KijanaWaLangoni:
Assalaam aleikum. Mimi ni fundi wa nakshi hapa Lamu, miaka 25, nimefunzwa na ami yangu tangu nimalize shule. Kazi ipo ila ni ya msimu. Wageni wakipungua Shela tunakaa na patasi mkononi. Sasa ajenti mmoja ameniletea kazi Doha, Qatar, karakana ya samani, riyali 900 kwa mwezi, chakula na malazi juu yao, miaka miwili. Pesa naitaka, siwafichi. Lakini zaidi ni kwamba sijawahi kuishi nje ya kisiwa hiki, na kila nimwonaye amerudi kutoka nje ana namna nyingine ya kusema na kuamua. Ami anasema mashine zitaniharibu mkono. Mama amenyamaza, na mama akinyamaza mimi silali. Nishaurini.

MpigaRanda:
Waaleikum salaam ndugu yangu. Nimefanya useremala Maskati. Ami yako ana haki, kule hutachonga waridi. Utakata mbao za kipimo kimoja kutwa kucha. Ila msimamizi wetu, mtu wa Kerala, alinipa mchoro wa kabati wenye vipimo vya milimita, na mimi nimezoea shibiri na jicho. Nikamwomba anifunze. Jioni tukikaa na karatasi: mstari wa vipande ni upande usioonekana, duara dogo ni tundu la skrubu. Leo hoteli ikiniletea mchoro nausoma mwenyewe na bei natoa mwenyewe. Zamani ilibidi nipitie kwa dalali. Wenzangu wengine wa chumba kile walirudi vilevile walivyokwenda. Walijua kazi, kitanda na simu tu.

DadaWaMalindi:
Kaka, hiyo 900 inanitia wasiwasi. Tangu Machi 2021 kima cha chini Qatar ni riyali 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asiyekupa malazi anaongeza 500, asiyekupa chakula 300. Mwajiri pia haruhusiwi kukaa na pasipoti yako baada ya kibali cha ukaazi kutoka, isipokuwa umeomba mwenyewe kwa maandishi. Na ajenti huyo mtafute kwenye orodha ya mawakala waliosajiliwa na NEA, mamlaka ya ajira ya taifa, kabla hujatoa hata shilingi.

Mimi nilifanya hotelini huko. Nimekulia Malindi nikisikia Kiitaliano barabarani, nikadhani wageni nawajua. Kuwa mgeni wewe mwenyewe ni jambo jingine kabisa. Nilirudi nikiwa na subira na watu ambayo sikuondoka nayo.

MamaWaMkomani:
Mwanangu, usimuulize mamako kama ameridhia. Muulize anaogopa nini. Wangu alipokwenda Jeddah tulipatana apige simu kila Ijumaa baada ya swala, hata akiwa hana cha kutuma. Vijana wakikosa pesa huona haya wakakata simu, na hapo ndipo mzazi huumia. Hakuikosa hata Ijumaa alizokuwa mgonjwa.

KijanaWaLangoni:
Shukran sana nyote. Bi Mkubwa, nitakaa na mama leo baada ya Isha. Dada, ajenti nimemuuliza. Anasema mia iliyobaki italipwa kama posho.

DadaWaMalindi:
Posho si mshahara wa msingi. Iandikwe 1,000 ndani ya mkataba, nawe upewe nakala yenye lugha unayoisoma. Akikataa, usiweke sahihi, tafuta ajenti mwingine.